Hadithi ya "Jill": Wanafunzi wa Oxford Wakati wa Vita

Kuna vitabu vinavyosifiwa kwa sababu vyaeleza mambo makubwa, yaani vita, wafalme, na safari za mbali. Na kuna vingine vinavyoeleza jambo dogo tu, lakini msomaji akiisha kukifunga kitabu huona kwamba jambo lile dogo limemgusa nyumbani kwake. Kitabu kiitwacho Jill, alichokiandika Mwingereza Philip Larkin, ni cha namna hii ya pili. Kimeandikwa kwa Kiingereza, nacho kilichapwa mara ya kwanza mwaka 1946. Habari zake ni za kijana mmoja maskini aliyekwenda kusoma Oxford mwaka 1940, wakati wa Vita Kuu ya Pili. Nimeona vyema kukijadili hapa, kwa kuwa wengi wa wasomaji wetu ni wazazi wenye watoto katika shule za mbali, au ni walimu waliowatayarisha watoto hao kwenda. Na neno linalosimuliwa mle lawahusu hao na hao.

Kwanza yafaa tumjue mwandishi. Larkin alizaliwa mwaka 1922 katika mji wa Coventry. Mwezi wa Oktoba 1940 aliingia chuo cha St John's, ambacho ni kimoja katika vile vyuo vingi vinavyoitwa kwa jumla yao Chuo Kikuu cha Oxford. Alipopimwa kwa ajili ya jeshi alikataliwa kwa sababu ya udhaifu wa macho, hivyo akapata kumaliza masomo yake mwaka 1943, huku wenzake wengi wakiitwa vitani kabla ya kumaliza. Alianza kuiandika hadithi hii akiwa na miaka 21 tu. Baadaye alikuwa mtunza maktaba ya chuo kikuu cha Hull, na mshairi mwenye sifa kubwa nchini mwake, mpaka alipofariki mwaka 1985.

Msomaji asiyejua desturi za Oxford aweza kupotea njiani, basi na tuzitaje kwa ufupi. Mwanafunzi wa siku zile hakulala katika bweni pamoja na wengine arobaini. Alipewa chumba chake, pengine viwili, kimoja cha kukaa na kimoja cha kulala, navyo vilikuwa juu ya ngazi iliyotumiwa na watu wachache. Kila ngazi ilikuwa na mtumishi wake wa kutandika vitanda, kusafisha vyumba na kuosha vyombo. Jioni wanafunzi walivaa majoho meusi, wakaingia katika jumba kubwa la kulia, ambamo sala ya chakula ilisomwa kwa Kilatini. Mwanafunzi aliandika insha, akaenda kuisoma mbele ya mwalimu wake, mara nyingi wakiwa wawili tu, naye mwalimu akaichambua neno kwa neno. Usiku lango la chuo lilifungwa; aliyechelewa alitozwa faini, au alipanda ukuta kwa siri, na kupanda ukuta huko wanafunzi walikuhesabu kuwa ni ushujaa.

Vita vilizivuruga desturi hizo. Majengo mengi yalichukuliwa na Serikali, kwa hiyo wanafunzi wawili walipangwa mahali alipokuwa akikaa mmoja. Petroli ilianza kugawiwa kwa kipimo mwaka 1939, na magari ya vijana wa kitajiri yakalala. Mwezi wa Januari 1940 sukari, siagi na nyama ya nguruwe ziliingia katika kadi za posho. Mwezi wa Julai yakafuata majani ya chai, wakia 2 kwa kila mtu kwa juma. Na mwezi wa Juni 1941 zikafuata nguo. Madirisha yalifunikwa kila usiku ili ndege za adui zisione taa. Vijana walishika zamu za kukesha, wakingojea moto wa mabomu ili wauzime. Zile dansi kubwa za mwisho wa mwaka zilikomeshwa. Na zaidi ya hayo yote, kijana hakujua atasoma kwa muda gani. Kingsley Amis, rafiki yake Larkin, ambaye naye alikuja kuwa mwandishi mashuhuri, aliingia chuo hicho hicho mwaka 1941, akachukuliwa jeshini mwaka 1942, akarudi kuyamaliza masomo yake baada ya vita kwisha mwaka 1945.

Hadithi yenyewe ni hii. John Kemp ni mtoto wa watu wa hali ya chini katika mji wa Huddlesford, upande wa kaskazini ya Uingereza. (Mji huo ni wa kubuniwa na mwandishi.) Mwalimu wake, Bwana Crouch, amemchagua katika darasa, akamfundisha kwa bidii baada ya saa za masomo, hata kijana akashinda mtihani wa kusomeshwa Oxford bila wazazi wake kubeba gharama yote. Kitabu chaanza yeye akiwa katika gari la moshi, peke yake, akienda mahali ambapo hakuna mtu wa kwao aliyepata kufika. Ana njaa, naye anacho chakula alichofungiwa nyumbani, lakini aona haya kula mbele ya wageni. Basi aenda akajifungia chooni, akala huko kwa haraka. Anaporudi kitini pake, wale abiria aliowaogopa wanafungua vikapu vyao wenyewe, wanakula, na kumkaribisha.

Napenda msomaji aangalie jinsi mwandishi alivyoanza kwa jambo hili. Hakutuambia kwamba John ni mwoga, wala kwamba ameachwa peke yake duniani. Alituonyesha mkate tu. Na sisi ambao kwetu kula peke yako kwa kujificha ni aibu kuliko kula kibaya, twaelewa mara moja kwamba mtoto huyu amekwisha kutengwa na watu kabla hajafika huko aendako. Tena aliyemtenga si abiria, bali ni hofu yake mwenyewe.

Afikapo chuoni auliza chumba chake, apanda ngazi, na kabla ya kuufungua mlango asikia kelele za watu. Mle ndani amkuta kijana aitwaye Christopher Warner, ambaye amepangwa kukaa naye, pamoja na rafiki zake, wanakunywa chai. Vikombe wanavyovitumia, na sahani, na buli, ni vyake John, vilivyonunuliwa nyumbani kwa ajili ya safari hii. Wamevifungua bila kumngoja. Naye badala ya kusema, "Vyombo hivi ni vyangu," asimama kama mgeni aliyekosea nyumba. Tangu siku hiyo Christopher amkopa fedha, atumia vitu vyake, amwacha peke yake atakapo na kumwita atakapo; na John, badala ya kuchukia, atamani sana kufanana naye.

Hapa ndipo ninapotaka kuleta hoja yangu kubwa. Kitabu kilipotolewa upya mwaka 1964, Larkin alikitilia utangulizi. Humo aeleza Oxford aliyoijua yeye wakati wa vita: ya kwamba wote walilipa ada moja na kula chakula kimoja, hakuna mwenye gari, ilikuwa vigumu mtu kujipamba kwa mavazi, na hata tofauti ya mgeni na mwenyeji chuoni ilikuwa karibu kufutika, kwa kuwa watu waliingia na kutoka kila muhula. Msomaji akiusoma utangulizi huo peke yake atadhani kwamba vita viliwasawazisha wanafunzi, tajiri na maskini. Tena Larkin asema kwamba kuzaliwa kwake John katika nyumba ya watu wa hali ya chini, ijapokuwa ni sehemu ya hadithi, si jambo ambalo hadithi yenyewe yalihusu.

Kwa heshima yote, neno hilo silikubali. Mwandishi ndiye aliyekizaa kitabu, lakini mtoto akiisha kuzaliwa husema kwa kinywa chake mwenyewe. Na hadithi hii yasema kinyume cha utangulizi wake. Ni kweli kadi ya posho humpimia tajiri sukari sawasawa na maskini. Walakini haiwezi kumpimia ujasiri. Vita viliwaondolea matajiri magari na mvinyo, havikuwaondolea ile desturi ya kuona kwamba kila mahali ni pao. Christopher ajua namna ya kumwita mtumishi, namna ya kuchelewa bila kuogopa, namna ya kukopa bila kushukuru. Hayo hayakuandikwa katika kadi yoyote. Na John hajui hata moja. Zaidi ya hayo, ile sheria ya vita ya kuweka wawili katika chumba kimoja ndiyo iliyomtia katika mateso yake. Wakati wa amani angalikuwa na mlango wake wa kufunga. Vita, basi, havikulivunja boma lililokuwapo kati ya tajiri na maskini. Viliwakutanisha tu karibu zaidi, kila mmoja upande wake, mpaka maskini aweze kusikia yanayosemwa ng'ambo.

Naye ayasikia kweli. Siku moja asikia Christopher na msichana aitwaye Elizabeth wakimcheka, na kumbe hata mama yake Christopher, aliyemwona mara moja tu, amemdhihaki. Jambo hilo lampiga kuliko kofi. Ndipo yatokea yale yaliyokipa kitabu jina lake. John azua kwamba ana dada, jina lake Jill. Mwanzo ni neno la uongo tu la kumpendeza Christopher, ambaye kwa mara ya kwanza aonyesha kumsikiliza. Baadaye uongo wamnogea mwenyewe. Aandika barua za Jill, aandika habari za shule yake, aandika hata daftari la siku zake. Akiwa mezani na karatasi zake si maskini tena, wala hachekwi na mtu. Kuna mtu mmoja duniani amwaminiye, naye ni mtu asiyekuwapo.

Wengine watasema huyu ni mwongo tu, na mwongo astahili fimbo. Mimi nasema mwandishi ameona mbali zaidi. Mwanafunzi anayeona haya kwa watu wake mwenyewe, wala hakupata wengine wa kuwa wake badala yao, hujitengenezea jamaa kwa maneno. Sisi walimu twawajua wanafunzi wa namna hii. Mmoja husema baba yake ni karani, kumbe ni mkulima. Mwingine humtaja mjomba tajiri wa mjini ambaye hakuna aliyemwona. Twawachapa kwa uongo, na pengine twafanya vema. Lakini ni mara chache twajiuliza nani aliyewafundisha kwamba ukulima ni aibu.

Swali hilo latupeleka kwa Bwana Crouch, na hapa kitabu chawagusa walimu wenyewe. Crouch si mtu mbaya. Alimwona mtoto mwenye akili ambaye wengine hawakumjali, akampa saa zake za kupumzika, akampa vitabu, akamfundisha namna ya kupanga maneno ili kuwapendeza wasahihishaji wa mtihani. Lakini yale aliyompa yote yalikuwa ni ya mtihani. Hakumwambia atakutana na watu gani, wala kwamba akidharauliwa asidhani dharau ni hukumu, wala kwamba mikate ya mama yake yaweza kuliwa mbele ya mtu yeyote. Alimvusha mtoto mto, akamwacha ng'ambo ya pili bila viatu. Mtihani ukiisha, mwalimu huhesabu kazi yake imekwisha. Kumbe kwa mtoto ndiyo kwanza yaanza. Kila mwalimu ambaye jina la mwanafunzi wake limepata kusomwa kwa shangwe mbele ya shule angefaa kuzisoma kurasa hizi polepole.

Mwandishi ameweka mfano wa pili kando ya John, nao ni Whitbread, kijana mwingine maskini anayesoma kwa msaada huo huo. Whitbread hajali kuchekwa. Huhesabu senti zake, husoma usiku, hula kwa kiasi, na kwa hakika atafaulu. Wengi wetu tungemsifu na kumweka kuwa kielelezo. Lakini Larkin hatuachii raha hiyo. Whitbread ni mkavu, na moyo wake ni kama daftari la hesabu. John amwona kuwa ni kioo kinachomwonyesha uso asiotaka kuuona, hata siku moja aingia chumbani mwake akachafua vitu vyake bila sababu ambayo angeweza kumweleza mtu. Hivyo maskini hamwumizi tajiri aliyemdhulumu. Amwumiza maskini mwenziwe. Huu ni ukweli mchungu, nao hauko Oxford peke yake.

Sehemu iliyo bora kuliko zote, kwa maoni yangu, ni ile ya mabomu. Usiku wa tarehe 14 Novemba 1940 Wajerumani waliupiga mji wa Coventry, wakaua watu zaidi ya 500 na kuliteketeza kanisa kuu la mji. Larkin aliyekuwa Oxford alisafiri na mwenziwe kwenda kuwatafuta watu wake. Katika hadithi John naye apata habari kwamba Huddlesford umepigwa, akaenda. Apita njia alizozijua tangu utoto, sasa zimejaa matofali na vioo. Moyo wake wote, ambao kwa majuma mengi ulikuwa ukiwaonea wazazi haya, wageuka na kuwatamani. Aikuta nyumba imesimama, na mlangoni pana karatasi ya kuarifu kwamba wenyewe wamekwenda kukaa mahali pengine. Wako salama.

Mwandishi dhaifu angalikoma hapo, akatuambia kwamba kijana alitubu, akarudi chuoni mtu mpya. Larkin hakufanya hivyo. John arudi Oxford akiona kama kwamba yale maisha ya kwanza yamefutwa pamoja na nyumba zile zilizoanguka, na sasa hakuna kinachomzuia. Huruma yake kwa wazazi ilikuwa ya kweli. Hata hivyo haikudumu kwa muda wa safari moja ya gari la moshi. Hivi ndivyo wanadamu walivyo mara nyingi, na kitabu kinachothubutu kusema hivyo chastahili kuaminiwa katika mambo mengine pia.

Mwisho wake ni wa kusikitisha. John amwona mjini msichana wa kweli ambaye afanana na yule wa maneno yake, tena jina lake ni Gillian, naye ni binamu yake Elizabeth. Amwalika chai, aandaa vyakula kwa fedha zake chache, na badala yake aja Elizabeth kumwambia kwamba binti hatakuja. Usiku wa mwisho wa muhula John alewa, ambusu Gillian mbele ya watu, na wale vijana wamkamata wakamtosa katika birika la maji uani. Ashikwa na homa ya mapafu. Christopher aondoka zake kwa starehe, na waliokuja kumtazama mgonjwa ni wazazi wake wawili, wale wale.

Kitabu kina kasoro zake, wala si haki kuzificha. Zile kurasa za barua na daftari la Jill ni ndefu kupita kiasi; msomaji aelewa upesi maana yake, lakini mwandishi aendelea kana kwamba yeye mwenyewe amenogewa kama John. Wasichana wote wawili ni vivuli: Gillian hatumjui tabia yake, na Elizabeth tumepewa ulimi wake tu. Vijana matajiri nao wamepakwa rangi moja, wote walevi, wote wavivu, ilhali kwa hakika miongoni mwao walikuwamo waliokuwa wakingojea kwenda kufa, nao wakiogopa. Ningependa kuona hofu hiyo katika uso wa mmoja wao. Huenda mwandishi aliona kila kitu kwa macho ya John. Lakini msomaji ana haki ya kuona zaidi ya aonavyo John.

Pamoja na kasoro hizo, nakihesabu kitabu hiki kuwa cha kweli na cha kufaa. Tuna methali isemayo, mwacha asili ni mtumwa. Twaitumia kuwakemea vijana wetu warudipo kutoka shuleni wakiwa na maneno mapya. Hadithi ya Jill yaonyesha kwamba methali hiyo yaeleza nusu tu ya jambo. John aliiacha asili yake, ni kweli; lakini kabla hajaiacha, mwalimu wake alimfundisha kuiona kuwa ni kitu cha kutoka, kama mtu atokavyo katika nyumba inayovuja. Wazazi waliofurahi kumtoa hawakujua kwamba wanatolewa pamoja naye. Nani basi wa kulaumiwa peke yake?

Kwa hiyo mwenye kukijua Kiingereza na akipate kitabu hiki, asome bila haraka. Asiyekijua, yamtosha kulikumbuka jambo moja. Siku mtoto anapofungiwa chakula cha safari kwenda shule kubwa, na ajengwe moyo vilevile, na mwalimu wake na wazazi wake, ili akifungue chakula hicho mbele ya abiria wote, akate, awape wengine, naye ale.